Kompyuta Iliyolala na Mbegu

Tulipomaliza msiba wa bibi, ndugu waligawana vitu vyake bila ugomvi wowote, maana vya kugombania havikuwepo. Shangazi alichukua masufuria na vitenge. Baba mdogo alichukua jembe na redio. Nilipoulizwa mimi nataka nini, nikasema naomba ile kompyuta iliyoko chini ya kitanda. Wakacheka wote, hata wale waliokuwa bado na machozi. Kompyuta ile haikuwahi kuwaka hata mara moja tangu iingie kwenye nyumba ile, na kila mtu alilijua hilo, hadi kuku.

Nikaibeba kwa kanga mpaka chumbani kwangu Msasani, hapahapa Tukuyu. Nikafunga mlango, nikatafuta bisibisi, nikafungua ubavu wa lile kasha. Nilitegemea vumbi, labda na mende wawili watatu. Kilichotoka ni harufu ya jiko la bibi. Moshi wa kuni za mkaratusi, moshi mzee, ule uliokuwa ukikaa kwenye sweta langu la shule mpaka wenzangu darasani wanajua jana tulipika makande. Bibi mwenyewe tumeshamzika, jiko lake limeanza kuvuja na hakuna wa kuwasha moto mle, halafu kumbe harufu yake imejikunyata humo ndani ya bati miaka yote hii. Nilikaa chini sakafuni, bisibisi mkononi, sijui hata nilie au nifanye nini.

Kwanza niwaambie kompyuta yenyewe ilikuwa ya nani.

Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba akaenda zake Chunya kutafuta dhahabu, akapata mke. Basi mimi na kaka yangu Lusajo tukalelewa na bibi mzaa baba, kwenye nyumba yake iliyozungukwa na migomba, nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Masoko. Lusajo alikuwa amemaliza shule na hakuendelea. Mimi nilikuwa darasa la pili, na yeye alikuwa ananiita Meneja. Cheo hicho nilikipata kwa sababu alikuwa na mpango wa kufungua chumba cha magemu pale Msasani, na mimi ndiye ningekaa mlangoni kuhakikisha hakuna mtoto anayezidisha zamu. Nilikichukulia kwa uzito mkubwa. Nilishaanza kuwanyima nafasi baadhi ya wenzangu shuleni kabla chumba chenyewe hakijafunguliwa.

Chumba kilikuwa fremu ya Mama Zuhura, mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa na duka la nguo na vitu vidogo vidogo. Kando ya duka lake kulikuwa na fremu nyingine iliyokaa tupu. Alimpenda Lusajo kwa sababu alikuwa akimbebea mizigo kutoka stendi huku anapiga mluzi. Akamwahidi kumshikia ile fremu mpaka mvua kubwa ziishe; baada ya hapo kulikuwa na fundi cherehani anaitaka. Lusajo naye alishatuambia wazi kwamba mpango ukishindikana ataenda na wenzake Tunduma kupakia malori. Kwa hiyo kwangu mambo yalikuwa mepesi kuyaelewa. Kompyuta ikiwaka, kaka anabaki. Isipowaka, anaondoka. Nilimwomba Mungu habari za kompyuta kuliko nilivyowahi kumwomba habari za mitihani.

Mtu mwingine angetafuta mashine ya magemu iliyo tayari, ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Lusajo alikataa. Alisema ile ikifa imekufa, lakini kompyuta unaiunganisha kama baiskeli, kipuri kwa kipuri, kadiri mfuko unavyoruhusu, na asubuhi watoto wakiwa shuleni unawawekea watu nyimbo kwenye flashi. Shida ilikuwa huo mfuko. Ulikuwa hauruhusu karibu kila kitu.

Jioni tukisubiri chakula kiive alikuwa ananiita kwenye mkeka karibu na moto, anapanga vipuri vyake kwa vitu vya kwenye kapu la bibi. Parachichi lilikuwa prosesa, ndiyo akili yenyewe. Ndizi mbili zilikuwa RAM, za kukumbuka mambo mashine ikiwa kazini. Kiazi kikubwa kilikuwa kadi ya picha, ile inayofanya mpira uonekane mpira na nyasi zionekane nyasi. Kitunguu kilikuwa pawa, yaani kile kidude kinachogawa umeme. Na sinia la bati lililobeba vyote lilikuwa mazabodi. Akishapanga, anaanza kuhamisha. Akitaka kiazi kikubwa, inabidi ndizi moja itoke. Akirudisha ndizi, parachichi linalobaki ni lile dogo lililopondeka. Akitaka vyote viwe vya maana, kitunguu kinabaki kile cha kuoza, na alisema pawa ya ovyo inaweza kuunguza kila kitu kilichopo kwenye sinia. Alikuwa anavitazama vile vyakula kimya kimya kama mtu aliyekaa pembeni ya mgonjwa.

“Meneja, tutoe nini?”

Nilimwambia atoe kitunguu, kwa sababu mimi vitunguu sivipendi.

“Hicho ndicho hakitoki,” akasema. “Hicho nitakinunua mwisho, lakini kizuri.”

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake anamenya, anatusikiliza. Akanyoosha mkono akachukua kiazi. Lusajo akamwambia bibi, hiyo ni kadi ya picha. Bibi akasema picha utaiona tumboni, akakimenya, akakitumbukiza kwenye sufuria. Tulicheka mpaka Lusajo akalala chali kwenye mkeka. Mpaka leo nikiona watu wanabishana kwenye simu zao kuhusu prosesa gani na kadi gani, mimi huwa naona sinia la bati na viazi.

Vipuri vikawa vinaingia polepole. Kasha alilipata kwenye ofisi moja mjini iliyokuwa inatoa vitu vyake vya zamani. Aliwafyekea majani yote ya kuzunguka jengo, wakampa. Kioo kilikuwa na mstari mmoja wa kijani pembeni, na mimi nilijua ndivyo vioo vyote vilivyo. Mazabodi yenye prosesa na RAM zake pamoja na kadi ya picha, vyote vilivyotumika, alivipata Mbeya kwa mwuzaji mmoja wa pale Mwanjelwa. Alirudi siku hiyo amelowa lakini uso unang'aa. Alitusimulia jinsi alivyokataa kutoa hela mpaka vile vitu viwashwe mbele ya macho yake, na vikawashwa, na akaona mpira ukichezwa na nyasi zinaonekana nyasi. Mwuzaji alimpa onyo moja tu, kwamba aiweke mbali na unyevunyevu.

Nyie mnaokaa Tukuyu mnajua onyo hilo lilivyo gumu. Kwetu viatu ukiviacha chini ya kitanda, vinaota ukungu wa kijani. Chumvi inatoa maji kwenye kopo. Daftari likikaa wiki linavimba kama andazi. Lusajo alivifunga vile vitu kwenye mifuko ya nailoni, akaviweka juu ya kabati, akamwambia bibi kwa msisitizo kwamba chochote kitakachotokea, visipate unyevu. Halafu akaenda Kiwira kupakia ndizi kwenye malori, ili apate ile pawa nzuri. Alikuwa analala hukohuko kwa jamaa yake.

Mvua zikachachamaa. Ukungu ukawa unaingia mpaka ndani, unatembea sebuleni kama mgeni anayejua njia. Asubuhi moja bibi alipanda kwenye kiti kuangalia amana ya mjukuu wake, akakuta vitone vya maji vimejishika ndani ya nailoni. Alishtuka kama vile amekuta mtoto ana homa. Akavitoa, akavifuta kwa upande wa kitenge alichovaa, akawa anazunguka navyo mle ndani hajui pa kuviweka. Ukuta umelowa, kabati limelowa, godoro lenyewe la baridi.

Ndipo akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili ya shamba angefanya.

Juu ya mafiga jikoni kulikuwa na kichanja, cheusi tii, kimekunywa moshi wa maisha yake yote ya ndoa. Pale ndipo zilipolala mbegu. Mahindi na maganda yake, maharage kwenye vibuyu, vyote vya kupandwa mwakani. Moto ukikolea chini, moshi unapanda, na kule juu ukungu haufiki wala wadudu hawafiki. Ndilo lililokuwa sanduku la bibi. Alivifunga vile vipuri kwenye kitambaa kisafi, akanishikisha kigoda kisiyumbe, akapanda, akavilaza katikati ya mahindi. Bibi alikuwa Mnyakyusa wa zamani, r yake yote ilikuwa l.

“Hapa hakihalibiki kitu,” alisema.

Na mimi nilimwamini kwa moyo wangu wote. Zaidi ya hapo, nilivuka nikaenda mbali. Kwa akili yangu ya wakati ule, kitu kilicholala juu ya kile kichanja kilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuota. Nilipiga mahesabu kwamba tukiipanda kompyuta moja tutavuna kadhaa, fremu ya Mama Zuhura itajaa, na huenda tukahitaji nyingine. Nikamuuliza bibi kama itaota. Akaniambia itaota, kwa nini isiote. Kila nikitoka shule nilikuwa naingia jikoni kwanza, natazama juu. Na bibi, ambaye kwa kuni alikuwa mbahili kweli, siku zile aliongeza. Mvua ikizidi aliacha moto ukiwaka mchana kutwa hata kama hapiki kitu. Alichoma mpaka zile kuni kavu alizokuwa anazitunzia Krismasi.

Lusajo alirudi kutoka Kiwira amekonda, mabega yamechubuka, na boksi la pawa chini ya koti. Alikuwa anacheka peke yake. Mama Zuhura alikuja na mwavuli wake, na nyuma yake watoto wa jirani, ambao niliwapanga mstari kwa sababu nilikuwa meneja. Lusajo akatazama juu ya kabati, akauliza vitu viko wapi. Bibi akamwambia akae kwanza. Akaenda jikoni, akarudi amekibeba kile kitambaa kwa mikono miwili, kama watu wanavyobeba kitoto kichanga kwenda kubatizwa.

“Nimekutunzia,” akasema. “Haijaona tone la maji.”

Lusajo alifungua kitambaa. Nakumbuka aliinua mazabodi taratibu mpaka usoni, akaishikilia puani. Nilifurahi. Bibi naye ndivyo alivyokuwa anafanya kwa mahindi ya mbegu kabla ya kupanda, ananusa kujua kama yameiva vizuri, na mimi nikaona kaka anajua kazi. Alikaa hivyo kidogo. Halafu akamtazama bibi, aliyekuwa amesimama pale mikono ameikutanisha, anasubiri.

“Ndaga, bibi,” alimshukuru kwa Kinyakyusa. “Ndaga fijo.”

Akaanza kufuta. Alifuta kwa shati lake, kila pembe, kila mguu mdogo wa chuma, muda mrefu mpaka watoto wakaanza kusukumana na ikanibidi kuwarudisha kwenye mstari. Kisha akaunganisha, pawa mpya, waya, kioo chenye mstari wake. Akachomeka. Feni ikageuka nusu, ikasimama. Akachomoa, akachomeka tena. Nusu, ikasimama. Akafungua, akatoa ndizi, yaani RAM, akaifuta, akairudisha. Hata ile nusu haikugeuka tena.

Mvua ilikuwa inapiga bati, nasi wote tunaangalia kioo cheusi kinachotuonyesha sura zetu. Mama Zuhura ndiye aliyeongea wa kwanza, akasema ipumzishe, baba, pengine imechoka na safari. Bibi akauliza imekuwaje.

“Yule wa Mwanjelwa ameniuzia bovu,” Lusajo akajibu. Alikuwa ameinama anakusanya waya.

“Lakini si ulisema aliiwasha ukaona?”

“Aliniwashia nyingine, bibi. Ndivyo wanavyofanya.”

Basi pale ndani sote tukamlaani yule mtu wa Mwanjelwa. Mama Zuhura alimlaani kwa Kiarabu, bibi kwa Kinyakyusa, mimi kwa maneno niliyokatazwa. Lusajo peke yake hakuchangia. Siku zilizofuata aliipeleka kwa fundi mjini, fundi akaiangalia, akatikisa kichwa, akamrudishia. Mvua zikaisha zenyewe kama kawaida yake, jua likatoka, siku nzuri kabisa ya kuanika maharage, na fundi cherehani akaingiza mashine yake kwenye fremu yetu. Nilisimama barabarani nikaona anaipangusa meza. Hakuwa na kosa lolote yule mzee wa watu, hata peremende alinipa. Nilikula ile peremende huku nalia.

Lusajo aliondoka asubuhi na begi la mgongoni. Nilimng'ang'ania koti, akanitoa vidole kimoja kimoja, bila nguvu.

“Meneja, linda ofisi,” akasema.

Nilijaribu. Nilikuwa naipangusa kompyuta kila Jumamosi.

Bibi yeye alilichukulia jambo hilo kwa maombi. Kila jioni baada ya kuwaombea wagonjwa na viongozi, alimwombea yule mwuzaji wa Mwanjelwa, kwamba Bwana amsamehe na amguse moyo. Aliomba kwa sauti kubwa. Mimi kipande hicho nilikuwa sisemi amina. Lusajo akipiga simu kupitia simu ya jirani, akiniuliza bibi anaendeleaje, namwambia anaendelea vizuri, bado anamwombea yule mwizi wako. Anacheka kidogo, anasema mwache aombe.

Kisha kuna jambo la redio, ambalo kwa miaka yote sikuwahi kulifikiria.

Mwaka mwingine, mvua zimerudi, Lusajo alitutumia redio kutoka Tunduma. Ilikuja kwa basi, mpya, bado ina karatasi yake. Ukungu ulikuwa umeshaingia sebuleni siku hiyo, na mimi kama mtoto niliyelelewa vizuri, niliichukua ile redio nikaenda nayo moja kwa moja jikoni, nikavuta kigoda. Sijui bibi alitokea wapi. Miguu yake ilikuwa inamsumbua, lakini alinifikia kabla sijapanda, akaikwapua mkononi mwangu.

“Si huko,” alisema.

Nikashangaa, nikamuuliza si ndiko kusikohalibika kitu. Aliifunga ile redio kwenye kitenge chake kizuri cha kanisani, akaiweka kitandani mwake, upande wa ukutani. Ndipo akaniambia, bila kunitazama, kwamba vitu vya umeme havipendi moshi. Jioni akamwombea mwuzaji wa Mwanjelwa kama kawaida, kwa sauti yake kubwa, na siku hiyo aliomba kirefu kuliko siku zote. Mimi nilikuwa na njaa, nikaona anachelewesha chakula.

Hayo yote yalinirudia pale sakafuni. Nilipitisha kidole juu ya mazabodi, kikatoka cheusi, kinanata. Masizi yalikuwa yameganda katikati ya miguu ya chuma mahali ambapo shati la Lusajo halikufika. Kitako cha plastiki cha kadi ya picha kilikuwa kimepinda kwa joto, mtu yeyote angeona. Nikampigia simu kaka.

Yuko hukohuko Tunduma, ana mke na watoto wawili, mgongo unamuuma. Nyuma yake nilisikia malori. Nilimwambia nimefungua kompyuta, na kwamba inanukia moshi wa jiko la bibi.

“Nilijua pale pale niliponusa,” akasema. “Sasa ningemwambia nini, Meneja? Alichoma kuni zake zote kwa ajili yangu.”

Akaniuliza kama bibi aliteseka mwishoni, ingawa alikuwepo msibani na alishaambiwa. Nikamwambia hapana, alilala tu. Akashusha pumzi.

“Ujue mimi sikumsindikiza na kitu chochote kikubwa. Sikumjengea, sikumpeleka hospitali ya maana. Lakini hilo moja niliweza. Amekufa hajui. Nikikumbuka hilo napata usingizi.”

Habari ya redio ilikuwa ulimini kabisa. Ningeweza kumwambia kwamba bibi alijua, na kwamba pengine aliomba kwa sauti kubwa vile ili mimi nisikie, nimpelekee yeye habari huko Tunduma kwamba bibi bado anaamini. Walikuwa wameficha kitu kilekile, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na aliyekuwa katikati akibeba salamu huku na huku ni mimi, sijui chochote. Sasa mmoja hayupo wa kuambiwa. Na huyu mwingine nilimsikia anapumua kwenye simu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

“Hajui, ee?” akauliza tena.

“Ndiyo, kaka,” nikasema. “Hakujua.”

Akaniambia nisalimie watu wa Msasani, akarudi kwenye malori yake. Nikarudisha ubavu wa kasha mahali pake, nikakaza skrubu zote, kila moja mpaka mwisho, harufu isitoke.